Kengele ya Mizunguko

Kwa miaka ishirini na mitatu, mashindano ya riadha ya shule za sekondari yalipofanyika Embu au Meru, kengele ya mzunguko wa mwisho ilikuwa mkononi mwa Mwalimu Wambeti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwalimu wa jiografia, mjane aliyeishi mtaa wa Dallas mjini Embu katika nyumba iliyojaa vitabu na ramani. Mwezi wa Novemba angestaafu. Hakuwahi kukimbia mbio yoyote maishani, ila alipenda kuhesabu, na kazi yake uwanjani ilikuwa hiyo tu. Kila kiongozi wa mbio alipopita, aliandika namba yake na wakati kwenye karatasi, akageuza kibao kilichoonyesha mizunguko iliyobaki, na ulipobaki mmoja akapiga kengele.

Siku hiyo, mjini Meru, ilikuwa zamu ya wasichana wa mita elfu tano, mizunguko kumi na miwili na nusu. Wawili wa kwanza wangeenda mashindano ya kitaifa. Mbele alikuwa Mwendwa, msichana mrefu wa kutoka upande wa Muthara, aliyevaa fulana ya rangi ya maruni yenye namba thelathini na moja. Nyuma yake alikuwa Maxine wa Chuka, na wa tatu Kawira, mwanafunzi wa Wambeti mwenyewe, ambaye kila alfajiri kwa miaka mitatu Wambeti alikuwa akimfungulia lango la shule aende mazoezini.

Mizunguko ikiwa imebaki minne, msichana mmoja wa nyuma alikanyagwa kisigino akaanguka kwenye kona. Wambeti alisimama kumtazama. Alipogeuka, fulana ya maruni ilikuwa inapita mbele yake. Aliandika, akageuza kibao kikasoma tatu, akaketi.

Kengele ilipolia, Mwendwa alichomoka. Maxine naye akaongeza mwendo akimfuata. Jukwaa zima lilisimama. Mwendwa alivuka mstari, akarusha mikono juu, akapiga magoti.

"Inuka!" mwamuzi mmoja alimpigia kelele. "Inuka, bado raundi moja!"

"We msichana," mtu akapaza sauti jukwaani, "unaombea chakula hakijaiva!"

Watu wakacheka. Mwendwa aliinuka, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya wageni, kisha akaanza kukimbia tena kwa miguu isiyomtii. Maxine naye alikuwa amechoka. Kawira akawapita wote wawili bila haraka, akashinda. Maxine akawa wa pili. Mwendwa alimaliza wa nne, akalala kwenye nyasi, akakataa maji.

Chini ya hema la waamuzi, Wambeti alisoma karatasi yake. Namba thelathini na moja, dakika kumi na moja na sekunde thelathini na saba. Chini yake, namba thelathini na moja tena, dakika kumi na mbili na sekunde kumi na nane. Sekunde arobaini na moja kwa mzunguko mzima. Hakuna binadamu anayekimbia hivyo. Mwendwa alikuwa na mwenzake wa shule moja, namba thelathini na saba, mwenye fulana ileile ya maruni, aliyekuwa ameachwa nyuma mno. Ndiye aliyepita wakati ule.

Kocha wa Mwendwa, Salesio, aliingia hemani na fomu ya rufaa mkononi, jasho likimtiririka.

"Kengele imelia mapema," alisema. "Mtoto wa watu ametafuta nafasi hii miaka miwili. Mwaka huu anamaliza shule. Hana mwaka mwingine."

"Mwanariadha hujihesabia mwenyewe, mwalimu," akajibu Bwana Gikunda, mwamuzi mkuu. "Aliyeshinda alihesabu."

"Sasa kengele ni ya nini? Ya kuita watu kanisani?"

Gikunda alimwomba asubiri nje. Kisha akamsogelea Wambeti na kushusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mabasi ya shule yalikuwa yanawasha injini.

"Madam, umeona nini humo?"

"Niligeuza kibao mara mbili."

Gikunda alitazama nje alikosimama Salesio. "Hiyo karatasi hakuna mwingine aliyeisoma. Ukisema hivyo, itabidi niwapange kama walivyokuwa kabla kengele haijawachanganya. Mwendwa, Maxine, kisha Kawira. Msichana wako haendi."

"Najua."

"Na watu hawatasema ulikosea. Watasema ulimpigia Kawira kengele, ukashikwa. Miaka ishirini na tatu, Madam, halafu utoke hivyo?"

Kupitia upenyo wa hema Wambeti alimwona Kawira akibebwa juu juu na wenzake, akicheka, kiatu kimoja kimemvuka. Hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu kidato cha kwanza. Akamtazama pia yule mwingine, aliyekuwa bado kwenye nyasi, amefunika uso kwa fulana yake ya maruni.

Aliomba kalamu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imeanguka mahali fulani. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Nilihesabu mkimbiaji wa nyuma badala ya kiongozi. Nilipiga kengele mzunguko mmoja mapema. Kosa ni langu peke yangu.* Akaambatisha karatasi ya nyakati, akatia sahihi.

Matokeo mapya yalisomwa kwa kipaza sauti. Upande wa Muthara walipiga vigelegele. Upande wa Embu mwalimu mmoja kijana akasema, bila kujali kama atasikika, "Huyu mama alipaswa kustaafu jana."

Ndani ya basi hakuna aliyeimba. Wambeti aliketi mbele, mkoba mapajani, akitazama mashamba ya chai yakipita. Walipokaribia Chuka, Kawira alitoka viti vya nyuma akaja kuketi kando yake. Macho yalikuwa yamevimba.

"Madam, nilijua," alisema. "Kengele ilipolia, nilijua zimebaki mbili. Nikaona Mwendwa ameenda kama amefukuzwa na nyuki. Nikasema moyoni, aende tu."

"Hukuwa na wajibu wa kumwambia."

"Lakini ningeweza kupiga kelele."

"Ungeweza. Kazi hiyo ilikuwa yangu."

Kawira aliuma mdomo. Basi liliyumba kwenye daraja, na mabega yao yakagusana.

"Sasa niambie ukweli, Madam. Kama kengele ingelia vizuri, ningemshinda?"

Wambeti alimgeukia. Angeweza kusema ndiyo, na mtoto akalale na jambo la kumfariji. Angeweza kusema Mwendwa alikuwa mbele kwa mita themanini, na hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini alikuwa ameona mbio nyingi zikigeuka katika mzunguko wa mwisho.

"Sijui," alisema. "Hata Mwendwa hatajua, ingawa ataenda. Hicho ndicho nilichowaharibia nyote wawili."

Kawira hakurudi nyuma kwa wenzake. Walikaa hivyo, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara, hadi Embu.