Mimba ya Bijou, Mbwa wa Mama Mkwe

Nimekataa kusimulia habari hii mara nyingi, hata madereva wanaolaza malori yao kwangu wakinichokoza nilikuwa najifanya sisikii, lakini kwa kuwa nusu ya Kolwezi imeshaisikia kutoka kwa akina mama wa parokia, tena wameitia chumvi mpaka nikiisikia nami nauliza huyo mkwe mpumbavu ni nani, basi acheni niiseme mwenyewe. Huyo mkwe ni mimi, Norbert. Ni mimi niliyesimama mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya wanawake wazima waliovaa vikwembe, yaani vitenge, vya sare, nikaeleza kwa sauti jinsi mbwa wawili walivyopandana, tena nikaonyesha na kimo kwa mkono.

Kwa wasiojua desturi zetu, mama mkwe hatazamwi usoni hivihivi. Ukienda kwake unavua kofia, unakaa pembeni, unaitika kwa sauti ndogo, na mambo ya mwili (mimba, kitanda, hata choo) huyagusi kabisa akiwa karibu. Yeye naye akiwa na neno la namna hiyo anampa binti yake, na binti yake ndiye anakuletea. Ni mpango mzuri, sina neno nao, isipokuwa siku ukimwongopea huyo binti mlango wote umefungwa, na hapo ndipo mimi nilipojifungia.

Mama mkwe, ambaye watu wanamwita Mama Véro, alikuwa anakwenda Mutshatsha kumwangalia dada yake mgonjwa, akatuletea Bijou tumtunze. Bijou ni mbwa jike, mweupe, mwenye manyoya, mdogo hivi kwamba unaweza kumtia kwenye ndoo na nafasi ikabaki. Mimi nina parking ya malori upande wa Manika, na mlinzi wa parking ni mbwa wangu Remorki, ambaye madereva walimpa jina hilo la trela kwa sababu akipita mbele yako unangoja, unangoja, bado hajaisha kupita.

Mama mkwe alisema akimwangalia mke wangu, ingawa mimi nilikuwa nimekaa palepale, “Béa, ambia bwana yako, Bijou asitoke inje hizi siku. Hata kidogo.” Baadaye Béa akaninong'oneza kwamba Bijou yuko kwenye siku zake. Sasa mimi, nisiwafiche, sikujua kama mbwa wana siku, na hata kama wanazo sikuelewa zinahusu nini na mlango. Nikaitika tu.

Alasiri moja Béa akaenda sokoni, mimi nikakaa na mechi kwenye televisheni, na Bijou akaanza kukwaruza mlango na kulia kile kilio chake chembamba, anakwaruza, analia, anakwaruza, nami nikafikiri maskini anataka kukojoa, akikojoa ndani nitajieleza vipi, nikafungua mlango kidogo tu. Kidogo tu! Nikarudi kwenye mechi. Kilichonitoa tena ni kicheko cha madereva. Nikawakuta wamezunguka rundo la matairi, yaani zile pneu za zamani, na Bijou amesimama juu ya pneu iliyolala, na Remorki nyuma yake, wameshikamana. Mmoja akasema nimwage maji, mwingine akasema nikimwaga maji nitawaumiza, wa tatu akasema nipige makofi, na mimi nimeshika ndoo katikati sijui nimtii nani, mwisho nikamwagia maji dereva ambaye hakuwa amesema lolote.

Béa aliporudi akauliza, “Bijou hakutoka?” Nikasema, “Hapana.” Sijui ni kwa nini. Kinywa kilitangulia.

Mama mkwe akarudi kutoka Mutshatsha, akamchukua mbwa wake, akashukuru (kupitia Béa). Wiki zikapita, na kila tukienda kumsalimu naona tumbo la Bijou linazidi kuwa kubwa, na mama mkwe anasema kwa furaha, “Alikula muzuri kwenu, angalia bile amenenepa.” Mimi natazama viatu vyangu. Baadaye akaona unene umezidi, akampunguzia chakula, kisha akampa dawa ya minyoo, na mimi bado natazama viatu. Ningesema nini? Kumwambia Béa ni kukiri kwamba nilimdanganya. Kumwambia mama mkwe ndilo jambo lisilowezekana kabisa, hata maneno yenyewe sikujua ningeyatoa wapi.

Nikawauliza madereva, na hapo ndipo kichwa kiliponivurugika. Mmoja, anayefanya safari za Fungurume, akasema watoto wa dume kubwa wanamuua mama mdogo, hawapiti. Mwenzake akasema uongo, mama mdogo huzaa wadogo, tumbo ndilo linalopima. Yule niliyemmwagia maji akasema mbwa wakipishana ukubwa hivyo damu zinakataana, hakuna mimba hapo, lile tumbo ni hewa. Nikamwamini huyo wa tatu. Hakuwa na sababu nzuri kuliko wenzake, ila maneno yake ndiyo yaliyoniwezesha kulala.

Ikafika ile Jumapili. Akina mama wa parokia walikuwa wamemchagua Mama Véro kuwa prezidanti wao, na baada ya misa wakaja kwenye lupango lake, yaani uani kwake, kula na kuimba. Mimi niliitwa kubeba viti kwa lori langu. Katikati ya nyimbo, Bijou akatoka chini ya meza, akajikunja, akasukuma, akahema, akasukuma tena, hakutoka kitu. Nyimbo zikakatika. Kila mama akawa na maoni yake: amekula sumu ya panya, ni malaria, ni jicho la jirani. Mmoja alikuwa ameshaanza kumwombea akimwekea mkono kichwani. Mama mkwe akapiga simu kwa daktari wa wanyama, na kwa kuwa masikio yake hayasikii vizuri, simu yake daima iko kwenye haut-parleur, kipaza sauti, kwa hiyo daktari alitusalimia sote.

“Mama, iko na mimba?” akauliza.

“Mimba ya wapi, Docteur? Bijou yangu hajaona dume hata moja!”

“Basi alikula kitu kimefunga tumbo. Mumupe mafuta kidogo, mumulete kesho asubuyi.”

Mama mkwe akaenda kuchukua mafuta, akayaleta mbio mpaka yakamwagika kwenye kikwembe chake kipya. Akaketi chini, yeye prezidanti, akamlaza Bijou mapajani, akasema kama anajisemea mwenyewe, “Tangu baba ya Béa alikufa, njo huyu tu ananingojeaka ku mulango.” Bijou akasukuma tena. Nikaelewa (na ni kitu kimoja tu nilichokielewa vizuri siku ile) kwamba nikinyamaza mpaka kesho, huyu mbwa hatafika kesho.

“Docteur,” nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, “samahani. Kulikuwa mugeni.”

“Mugeni gani?”

“Mugeni... wa miguu ine.”

“Papa, sema wazi, kuko kelele huku!”

“Imbwa dume, Docteur! Imbwa yangu! Alimupanda!”

Mwiko wa mtu ukaanguka kwenye sufuria. Nilidhani nimemaliza, kumbe daktari ndiyo kwanza anaanza.

“Nkubwa namna gani?”

Nikaonyesha kwa mkono, kiunoni. Mama mmoja mzee akasema kwa upole, “Mukwe, Docteur hakuoni. Umwambie.”

“Ananifika ku mukaba,” nikasema.

“Na ule wa kike?”

“Ananifika ku soksi.”

“Uko hakika balifanya? Pengine alijaribu tu. Namna gani, na ule urefu?”

Nikafumba macho. “Alipanda ku pneu.”

“Ku pneu!” wakasema akina mama wote kwa pamoja, kama wanaitikia padri.

“Na balishikamana? Wakati murefu?”

“Mpaka mechi ikafika mi-temps.”

Sijui kwa nini nilitaja mapumziko ya mechi, ndicho kipimo nilichokuwa nacho. Kuna waliofunika uso kwa kitambaa, na mabega yao yalikuwa yanacheza, sikujua wanalia au wanacheka. Béa alikuwa amesimama na sahani mkononi. “Norbert,” akasema, “uliniambia hakutoka.” Daktari akauliza kama kuna maji ya rangi ya majani yanayotoka, mama mkwe akaangalia, akasema yako, na daktari akapiga kelele: “Hapana kumupa mafuta! Mulete sasa hivi! Mutoto amekwama!”

Gari lililokuwepo ni lori langu. Mama mkwe akapanda mbele na Bijou, Béa katikati, na nilipowasha injini nikasikia nyuma kunagongwa, kumbe akina mama wote wamepanda na vikwembe vyao vya sare, kwani (walisema) prezidanti hawezi kwenda peke yake. Tukaingia barabarani, mbele yetu kuna foleni ya malori ya madini, vumbi jekundu, na watu wa kando ya njia wakiona wanawake wa sare wamejaa kwenye lori wakavua kofia wakidhani ni maiti. Mama mkwe hakunitazama. Alimwambia mbwa, “Bijou, uulize ule papa kama lori yake haiwezi kutembea mbio kidogo.” Nikapita malori yale upande ambao haupitwi.

Daktari akampasua. Niliambiwa nishike taa, nami nikashika, nikiifuata mikono yake kwa mwanga. Watoto walikuwa wawili tu. Wa kwanza, mwenye kichwa kikubwa, ndiye aliyekwama, na alikuwa ameshakufa. Wa pili akasuguliwa kwa taulo, akasuguliwa, mpaka akalia. Daktari akanieleza kwamba mara nyingi tumbo la mama ndilo linalopima ukubwa wa watoto, lakini wakiwa wachache wanapata nafasi ya kunenepa, na damu ya baba mkubwa nayo inaongeza, kichwa kinashinda njia. Nikamuuliza, basi kosa ni la Remorki au si la Remorki? Akasema angeletewa mapema angempiga picha, angejua wako wangapi, angejitayarisha, au hata mimba yenyewe ingezuiwa siku za mwanzo. Hilo la kosa hakulijibu, nami mpaka leo sijui madereva wangu wawili wa kwanza yupi alikuwa na haki. Naona wote wawili, na hilo linanichanganya zaidi.

Tulipotoka nje, nikapiga magoti penye vumbi. Mama mkwe akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akasema bila kumpitia Béa, “Ungesema tu. Haya ya siku moja ningeivumilia. Bijou mwingine ningemupata wapi?” Nililia, sioni sababu ya kuficha. Wiki iliyofuata nikapeleka kuku wa kutoa haya, kama desturi inavyotaka, akampokea.

Toka siku ile nimeapa: jambo likinishinda kusema kwa mama mkwe, nitalisema kwa Béa kabla hajavua viatu, hata kama ni la aibu, hata kama mechi iko dakika za mwisho. Na milango ya watu sifungui.

Bijou alipona. Mtoto wake naye akakua, akakua, sasa mama yake anapita chini ya tumbo lake bila kuinama. Lazima niwaambie kwamba kwetu mama mkwe halitamki jina la mkwe wake, ni heshima, na Mama Véro alikuwa hajawahi kulitamka langu hata mara moja. Sasa analitamka kutwa nzima, kwa sauti, majirani wote wanasikia: “Norbert, toka ku jiko! Norbert, acha kiatu ya watu! Norbert, njoo ukule!” Siku ya kwanza alipomwita hivyo yule mbwa, mimi nilikuwa ndiyo naingia uani na kofia mkononi, na nikaitika.