Kome wa Mzee Jarso

Mzee Jarso wa Kinna alizaliwa mfugaji. Ukame haukumuuliza. Ulichukua ng'ombe wote, ukamwachia fimbo. Akashika jembe, akalima vitunguu kando ya mfereji. Lakini mfugaji akikosa cha kuchunga, mkono humwasha. Basi akachunga kome.

Kome ni mnyama wa matope. Hana pembe, hana mlio, amejifungia kati ya magamba mawili. Hunywa maji machafu, akayatoa safi. Zamani mfereji ulijaa kome. Sasa wamebaki kwenye kona moja yenye kivuli. Kila mfereji ukizibuliwa, tope hutupwa ukingoni, kome humo humo, na jua huwamaliza.

"Kesho kutwa tunazibua," akatangaza Galgalo, mwenyekiti wa mfereji, hirimu yake Jarso.

"Ngoja kwanza nihamishe kome."

"Uwahamishie wapi?"

"Bwawani kule juu, maji yanakotoka."

"Na kengele utawafunga wapi?"

Watu wakacheka mpaka punda wakageuka kuangalia.

"Haya, kesho ni yako," Galgalo akasema. "Kesho kutwa ni ya majembe."

Asubuhi Jarso akaingia majini peke yake. Aliwapapasa kwa vidole vya miguu, na kila akimpata mmoja anacheka. Marehemu mkewe angemwita mwendawazimu, kisha angeshika ndoo ya pili.

Ndoo ilipojaa, akaingiwa na wasiwasi. Mnyama akihama bila alama, nani atamjua? Akatafuta msumari. Juu ya kila gamba akakwaruza alama ya ukoo wake, ile waliyokuwa wakichoma ng'ombe. Hakuwa na nia mbaya. Mkono ulikwenda wenyewe.

Jioni mgongo ukakataa. Na kona bado imejaa kome.

Galgalo akapita, akachungulia ndoo. Akaokota mmoja, akamgeuza.

"Wallahi! Jarso! Umetia alama mnyama wa mto?"

"Nimetia."

"Wote?"

"Niliowapata. Mgongo umenishinda."

"Yaani wewe unajipa mifugo, ukoo wangu umelala?"

Akakunja kikoi, mwenyekiti mzima, akaruka ndani kwa kishindo.

Habari ikakimbia kuliko maji: Jarso na Galgalo wanagawana kome! Kulipopambazuka, watu walikuja na misumari badala ya majembe. Ukoo huu na beseni, ukoo ule na sufuria.

"Huyo ni wangu, nimemkanyaga kwanza!"

"Umekanyaga mguu wangu!"

Kinya, Mmeru mkulima wa nyanya, alisimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Baite, jamani, sisi kwetu hatuna alama ya ng'ombe. Sasa tunyimwe kome?"

"Wachoree nyanya," Galgalo akasema.

Kinya akafungua mkoba, akatoa rangi ya kucha, nyekundu. Akawapaka, akawapuliza wakakauka. Kome wake walipanda bwawani kama maharusi.

Kabla ya adhuhuri Jarso akapapasa kona yote kwa miguu. Tope tupu. Akapapasa tena. Tope tupu! Akaketi humo humo majini, akacheka mpaka akakohoa.

"Zibueni," akasema.

Tangu hapo ole wake anayefulia nguo bwawani. Hufokewa kwa kila lugha ya Kinna. Kila mtu ana mifugo yake mle. Galgalo huenda kuwatazama kabla ya chai, akirudi ana mashtaka.

"Jarso, kome wako wamelala malishoni kwangu."

"Watoe."

"Hawasikii!"

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha na maji kutulia, Jarso alikuwa akipapasa pembeni mwa bwawa. Akainua kitu kidogo kama punje ya mahindi. Magamba mawili. Safi, hayana mkwaruzo.

Akapiga ukelele. Watu wakaja mbio wakidhani ameumwa na nyoka.

"Amezaliwa!" Jarso akasema. "Amezaliwa hapa!"

"Wa nani?"

"Ni wangu, tazama alivyo mnene."

"Ana maringo huyo, ni wa Kinya."

"Wa kwangu angezaliwa na rangi," Kinya akasema.

Galgalo akachomoa msumari mfukoni. Jarso akafumba kiganja upesi.

"Wewe! Tangu lini ndama anayenyonya akatiwa alama?"

Galgalo akafikiri. Akarudisha msumari.

Jarso akainama, akamweka majini. Mdogo yule akazama, akatulia juu ya tope. Wazee kwa akina mama wakabaki wameinama pale, wanatazama, vichwa vinagongana, na vitunguu vikingoja maji.