Barabara Ilipewa Jina la Senge

Mwezi wa nane tulikusanyika kwetu Shinyalu kushangilia bango la chuma. Ndiyo, bango. Walikuwa wamelifunika kwa shuka ya kijani. Mheshimiwa wa wadi akavuta, shuka ikanasa kwenye kona, kijana mmoja akapanda kiti kuinasua, na jina la shangazi yangu likatokea kwa rangi nyeupe: Barabara ya Mama Mmbone. Wanawake wakapiga vigelegele. Ngoma za isukuti zikalia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na binti yangu mchanga mgongoni, uso unaniwaka kwa aibu, na wala sikuwa nimemkosea mtu.

Ngoja nikueleze hiyo aibu ilitoka wapi, kwa sababu siku ile nilitabasamu kwenye picha kama wengine.

Dada ya baba sisi tunamwita senge. Senge wangu aliolewa mbali, akakaa huko, mtoto hakuja, wakamrudisha. Kukhu, yaani nyanya yangu, alimpa chumba kidogo nyuma ya jikoni, na mimi nikatumwa nikalale naye ili asikae peke yake. Sijawahi kulala vizuri hivyo tena. Chumba kilinuka moshi na mrenda na sabuni ya kipande. Asubuhi tulishuka chemchemini kabla ng'ombe hawajachafua maji, tukarudi tukapasha nyoyo za jana, mahindi na maharagwe yaliyoshikana chini ya sufuria, na Senge alinikwangulia ile sehemu iliyoungua maana alijua ndiyo naipenda. Mchana tulipalilia. Mvua ikianza kuvuma kule msituni tulikuwa na muda wa kuanua mahindi na kuingiza kuni kabla haijatufikia. Senge hakukimbia. Alisema mvua ya kwetu ina adabu, inabisha hodi.

Lakini kazi yake hasa, ile watu walikuja kumwitia hata akiwa shambani na matope mikononi, ilikuwa kuita majina. Wewe wa mjini labda hujui. Kwetu mtoto mchanga akilia usiku na mchana na dawa imeshindwa, wazee wanasema kuna mtu wa ukoo aliyekufa, wa upande wa baba au wa mama, anataka kurudi kwa jina. Basi wafu wanaitwa mmoja mmoja huku mama amemwekea mtoto titi. Jina ambalo mtoto atanyamaza na kunyonya, ndilo lake. Na hakuna aliyewajua wafu wa milima yetu kama Senge. Ungempeleka boma lolote kutoka kwetu hadi karibu na Khayega, angekuitia babu zako na dada zao na yule mjomba mliyeacha kumtaja.

Na hakuwaita kama mtu anayeita wanafunzi darasani. Aliongea nao.

"Ni wewe, mzee wa ndizi za kuchoma? Kama ni wewe, nyamaza, unyonye, watu walale."

Mtoto analia.

"Haya, si yeye. Na wewe mlevi wa pale mtoni, kaa huko huko! Huyu hajui busaa, hapa kuna maziwa tu."

Wanawake walicheka hadi wakafuta machozi na leso. Mama wa mtoto, ambaye macho yalikuwa yamemwiva kwa kukosa usingizi, naye alicheka, mabega yakashuka, na mara nyingi ni hapo mtoto alishika titi. Kisha kuku anachinjwa, obusuma, ugali wetu, unasongwa, boma linanuka mchuzi.

Senge alifanya yote hayo akiwa amesimama nje ya mlango. Mtoto hakupewa ashike. Chakula chake kililetwa barazani kwenye sahani yake mwenyewe, na mimi nikakaa naye nikila mchuzi wake. Nilifikiri ni heshima. Kweli kabisa, nilifikiri mtu mkubwa kama Senge anaandaliwa mbali kama vile mhubiri mgeni anavyotengewa meza. Hata nilijigamba shuleni. Ni msichana wa jirani aliyenicheka: "Wewe mjinga! Hawatakangi aguse mtoto. Mgumba akishika mtoto, anamwachia ugumba." Nilimpiga, mwalimu akanichapa, na jioni sikumwambia Senge tulipigania nini. Aliniosha goti tu, akaniimbia wimbo wa kijinga kuhusu kifaranga.

Tangu hapo kila aliponichukua kwenda kuita majina nilitazama mlango. Nilitazama ile hatua moja ambayo hakuna aliyemwambia "karibu, ivuke." Nilikuwa nawaonea aibu watu wazima, na ni kitu kibaya mtoto kuwaonea aibu watu wazima. Chakula kinakuwa kigumu kumeza.

Senge alipokufa walimlilia vizuri, wacha nisiseme uongo. Hema mbili. Fulana zenye picha yake. Mhubiri alimwita mama wa wote, na baba zangu wadogo, ambao hawakuwahi kumtengenezea paa lile likivuja, walishindana kwa sifa kwenye kipaza sauti. Kisha sanduku likabebwa, likapita nyumba, likapita migomba, na akazikwa kule kwenye ua wa miti, mpakani mwa shamba, kwa sababu mwanamke asiye na mtoto hazikwi mbele ya boma. Mama wa wote. Kando ya shimo la takataka.

Sasa bango likafunuliwa, na mavyaa wangu alikuwepo. Mama ya mume wangu ni mwanamke mwema, huyu simsingizii. Alipiga vigelegele kuliko wote. Tena mume wangu mwenyewe alipata jina la babu yake kutoka mdomoni mwa Senge, Senge akiwa amesimama nje ya mlango wa mavyaa huyu huyu. Nikaona leo ndiyo leo. Binti yangu alikuwa na jina la kanisa tu, la nyumbani bado, na alikuwa analia wiki nzima.

Tukiwa tunashuka kwenda kwake nikamwambia, "Mama, huyu nataka aitwe Mmbone."

Akasimama. "Mmbone gani?"

"Yule umetoka kumpigia vigelegele."

"Wewe! Usilete mchezo na tumbo la mtoto."

"Mama, si mmeandika jina lake barabarani watu wote wasome?"

"Barabara haina tumbo," akasema. "Barabara itazaa nini?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatafuta kitu kwenye simu. Nadhani mpaka leo hajakipata.

Jioni hiyo wanawake wa boma walikuja kumwitia mtoto majina. Walianza na mama ya mavyaa. Mtoto akalia. Wakaita dada yake. Mtoto akalia. Wakaita mmoja aliyekufa juzi juzi, na mwingine ambaye hawakuwa na hakika kama ni wa ukoo huu au ni jirani tu. Kisha wakaangaliana. Majina yalikuwa yameisha. Ukoo mzima wa watu waliolima hapa na kuzikwa hapa, na hakuna aliyekumbuka mwingine. Mmoja akasema, kwa sauti ya chini kama anayetukana kanisani, "Ingekuwa yule mama yuko, angejua." Mavyaa alianza kukunja leso yake, akaikunjua, akaikunja.

Nikasema, "Mmbone. Ni wewe? Ingia ndani, Senge, ukae."

Ningependa kukuambia mtoto alinyamaza. Hakunyamaza. Aliacha titi, akapiga kelele mpaka kuku wakashtuka nje.

"Umeona?" mavyaa akasema, na nilisikia amefarijika. "Amekataa."

"Basi alie, mama. Atalia akiitwa Mmbone."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Wengine walitoka bila kusubiri chai. Mavyaa alibaki na mimi, akasema ninamletea mjukuu wake mkosi kwa hasira zangu. Labda ni hasira kweli. Sina kitu kingine cha kumpa Senge. Ningekuwa na uwezo ningemtoa kule kwenye ua, nimlaze mbele ya boma.

Siku hizi tunaishi Sigalagala, mume wangu amepata kibarua huko. Mtoto wa jirani akilia, mama yake anamwekea wimbo kwenye simu, na jina amelipata kwenye simu hiyo hiyo, zuri, la nchi gani sijui. Simlaumu. Ataita nani? Wale waliojua wafu wetu wameenda wenyewe, na tuliwaacha wasimame nje mpaka mwisho, kisha tukawapa vibao.

Mavyaa akija kututembelea anamwita binti yangu "mgeni". Mgeni amekula? Mgeni amelala? Anambeba, anamnyoa, anamletea ndizi mbivu, lakini lile jina halitamki. Mimi namwita hilo tu. Ameanza kukaa mwenyewe sasa, na ukisema Mmbone anaacha anachofanya, anageuza kichwa, anakutazama. Na kila akigeuka aibu inanipanda upya, kwa sababu kumbe kumwita Senge aingie ilikuwa rahisi hivi.