Makofi ya Kamati ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mwanza, mkuu wangu wa kwanza, mwenye cheo cha Afisa wa Bonde, alinikaribisha kiti, akanipa chai, kisha akanieleza kazi.

"Wewe ni afisa maendeleo ya jamii. Kazi yako ni kuwashirikisha wananchi katika mpango wa usimamizi wa bonde."

"Sawa, Mkuu. Na huo mpango nitaupata wapi?"

"Uko kwa mchapaji."

Nilidhani ananitania kwa kuwa ni mgeni. Wapi! Mpango ulikuwa umekwisha, hata picha ya jalada imeshachaguliwa, bado tu wenye mto kuulizwa wanataka nini. Basi ninyi vijana mnaoajiriwa leo kwenye mambo ya maji, mkimwona bibi huyu anaongea kwa hasira, jueni hasira hiyo ilianza siku ile, kabla hata chai haijapoa.

Bonde, kwa lugha ya kazi yetu, si lile la kulima mpunga. Ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia kwenye mto mmoja au ziwa moja. Kipande chake kinachokusanya maji ya kijito kimoja tulikiita kidakio. Na kila kidakio kilitakiwa kiwe na kamati ya ushauri: wakulima, wafugaji, wavuvi, wafyatua matofali, yaani watu wanaoutumia huo mto kila siku. Wao washauri, sisi tupange. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Shida ni kwamba kila mkuu niliyempata alitaka kamati iwepo, ila hakutaka ishauri.

Nilihamishiwa Sengerema, enzi hizo daraja halijajengwa na tunavuka kwa kivuko. Mkuu wangu wa huko, Mhandisi, alikuwa mtu wa ramani. Akawaitisha wavuvi kikao saa nne asubuhi, saa ambayo mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani ndiyo kwanza amelala. Wakaja wachache, wanasinzia vitini. Akaninong'oneza, "Unaona? Hawana maoni." Jamani! Nilitoka nje kwanza nikahema.

Lakini yaliyonichosha kabisa yalinikuta Kisesa. Mkuu wa Kituo chetu cha maji cha pale alikuwa kijana kwangu, nadhifu, mpole, kila neno na "tafadhali" yake. Wapole hao ndio wanaotesa, maana huna pa kuanzia kuwagombeza. Mto wa pale ulikuwa unajaa mchanga, kwa sababu ng'ombe walishuka popote wakabomoa kingo. Mpango ukasema mita sitini kila upande zifungwe, vigingi visimikwe, mifugo isikanyage. Wafugaji wala hawakubisha, kingo walikuwa wanaziona. Waliomba kitu kimoja tu: paachwe pale kwenye miamba, ambapo ng'ombe anaweza kushuka akanywa bila kubomoa chochote.

Mjumbe wao alikuwa Mama Kabula, mjane. Ng'ombe wake wachache ndio alioachiwa na mumewe, na kiangazi hakuwa na maji mengine ya karibu.

"Wakipafunga pale nitauza wote," aliniambia. "Nikishauza, nitakuwa nani tena hapa?"

Nikamfikishia Mkuu. "Atayasema kwenye kikao," akanijibu. Kikao kikafika. Mkuu akasoma mpango mwanzo mwisho, akaketi, watu wakapiga makofi. Akafunga kikao palepale, akanigeukia uso umechangamka.

"Umeona? Wamepitisha."

"Mkuu, hapa anapigiwa makofi hata aliyesimama kuomba radhi kwa kuchelewa. Ni adabu tu. Mgeni akimaliza kusema, huwezi kumwacha akae hivihivi."

"Mama, tafadhali. Makofi ni makofi."

Taarifa ikaenda juu kwamba kamati imeridhia, na vigingi vikasimikwa mpaka kwenye miamba.

Kiangazi kilipokaza, Mama Kabula akawa anaswaga ng'ombe wake mpaka ziwani, anapita kando ya bustani za watu, anatukanwa njia nzima. Siku moja ndama wake akafia njiani. Jioni hiyo alikuja kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa hata kukaa.

"Mwanangu, mlituita tuwashauri au mtuage tuondoke?"

Niliona aibu mpaka aibu ikageuka hasira. Kesho yake nikamwambia Mkuu kwamba asipoitisha kikao cha mapitio, neno "shirikishi" sitaliandika tena kwenye taarifa yoyote ya kituo chake. Akaitisha. Nadhani alitaka tu nimwache apumue.

Siku ya kikao akaeleza kama kawaida yake, akaketi. Hakuna aliyepiga hata kofi moja. Mkuu akatazama huku na huku, akakohoa, akanywa maji.

"Jamani, mbona kimya?"

Mama Kabula akasimama. "Mkuu, safari ile tulikupigia makofi kwa kuwa ulikuwa mgeni wetu. Sasa umeshakuwa mwenyeji. Tuambie ng'ombe wanywe wapi, ndipo tupige."

Hakuwa mtu mbaya yule Mkuu. Mchana uleule aliongozana naye mpaka kwenye miamba, na viatu vyake vya ofisini, na haukupita muda vigingi vya pale vikang'olewa. Vingine vikabaki, kingo zikaota majani, na ng'ombe wa Mama Kabula wakanywa.

Sasa nimestaafu, naishi hapahapa Kisesa, nafuga kuku. Vijana mnaniuliza kazi ile imenifundisha nini. Imenifundisha kuchoka! Unamwelewesha mkuu mmoja, akishaelewa tu anahamishwa, analetwa mwingine mpya kabisa.

Juzi alikuja binti wa ofisini. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Akaniomba niingie kwenye kamati kama mzee mwenye uzoefu, maana kuna mpango mpya. Nikamuuliza uko wapi.

"Umeshachapwa, bibi. Tunataka tu maoni yenu."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka.

Nilikwenda. Nikaketi na Mama Kabula, sasa mzee kweli, fimbo yake mapajani. Binti akaeleza vizuri, kwa sauti nzuri, na ramani ukutani. Maeneo yote ya kufungwa yalikuwa ya kijani, na kijani hicho kilifuata mto pande zote mbili bila kuacha hata upenyo, mpaka kwenye miamba. Akamaliza, akatushukuru, akasimama anatutazama. Maskini, alikuwa amejiandaa. Nikamwonea huruma, na mikono yangu ikaanza kuinuka yenyewe.

Mama Kabula akaikamata.

"Tulia," akasema. "Hajasema ng'ombe wanywe wapi."