Niliposema Mtandao Haufiki

Kazi yangu ni ngumu kuieleza nyumbani. Nachambua biashara ya teknolojia: kampuni ikileta simu mpya au huduma mpya ya mtandao, wanahabari hunipigia niseme kama kitu hicho kitadumu au ni kelele tu. Mama yangu mpaka leo huwaambia majirani wa mtaa wetu wa Bulla Pesa kwamba mimi hutengeneza simu, nao huniletea zilizoanguka majini. Nimeacha kubisha. Nazifungua, nazianika, nawarudishia.

Nilirudi Isiolo kukaa naye miguu yake ilipoanza kumsumbua. Kusoma, kupiga simu na kuandika naweza kufanya popote penye stima. Isitoshe, nilikuwa nimechoka na Nairobi na zile kumbi za hoteli ambamo watu wale wale hukutana kusifiana.

Halafu kampuni moja ikaja na kidude cha kufungwa shingoni mwa ngamia. Mfugaji angefungua simu yake na kuona mnyama wake yuko wapi. Runinga zilikipenda sana. Kaka yangu alikipenda zaidi. Lori lake la mizigo lilikuwa limekufa na kuuzwa vipande vipande, na kampuni ikamchukua awe ajenti wake huku kwetu. Nilimwona akianza tena kupiga shati pasi asubuhi.

Kituo cha runinga kiliponiomba maoni, nilikwenda kwanza kujionea. Nilishinda Leparua, nje ya mji, na wafugaji. Karibu na barabara kidude kilifanya kazi vizuri; ngamia alionekana kwenye simu kama nukta ya kijani. Tulipoingia ndani malishoni, nukta iliganda. Ngamia alikuwa mbele yetu anatafuna, simu inasema bado yuko barabarani. Kidude kilitegemea minara ya simu, na kiangazi wanyama huenda mahali ambapo hakuna mnara. Nilimpigia mhandisi wa kampuni, akasema minara itakuja.

"Nani ataijenga?" nikamuuliza.

"Hilo si letu, madam."

Basi nikasema hewani, kwa upole nilioweza, kwamba kifaa ni kizuri lakini huku hakitadumu.

Jioni hiyo kaka alinikuta jikoni nikikanda unga wa chapati. Hakutoa hata salaam.

"Abaayo," akasema. Ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita dada, hata ukiwa umemkasirikia. "Watu wote wa Kenya hii, ulishindwa kungoja mwingine aseme?"

"Wameniuliza mimi."

"Ungesema hujui."

"Lakini najua. Nimeona."

"Na mimi je, umeniona?"

Akaondoka bila kunywa chai. Tangu hapo akija alimwamkia mama, akaketi naye, kisha akapita mlango wa chumba changu kama anapita stoo.

Mkubwa wa kampuni naye alinipigia. "Wewe ni mtu wa huko, wanakuamini. Kuwa mshauri wetu, uwaambie watu mambo yanaboreka." Nilimwambia yakiboreka anipigie tena. Baada ya hapo mialiko ikapungua. Mchambuzi mwenzangu, ambaye hajawahi kukanyaga Isiolo, alikisifu kidude na ndiye akawa anaitwa kila mahali. Nilimsikiliza mara nyingi. Anaongea vizuri, anajua pa kucheka. Mimi watangazaji walianza kunitambulisha kama mkosoaji, kwa ile sauti ya kumtaja mgonjwa.

Kiangazi kilipofika, nukta ziliganda moja baada ya nyingine. Kampuni haikutangaza lolote. Simu za ofisini zikawa hazishikwi, na kaka akabaki uso kwa uso na watu aliowashawishi. Nilikuwa nimefikiri kwamba siku nikionekana nilisema kweli nitasikia utamu fulani. Nilisikia uchovu tu.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni kwangu, shati lina makunyanzi.

"Wafugaji wanasema niende nifungue vidude vyangu," akasema. "Siwezi kwenda peke yangu."

Nikavaa viatu.

Huko Leparua mama mmoja Mturkana, mwenye ngamia wa kwanza tuliyemfikia, alinitambua.

"Wewe ndio ile ya runinga," akasema. "Ulisema hii kitu haitafanya."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu ni nani yako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

"Sasa mbona hamkuongea kwanza nyumbani, mkuje kwetu na neno moja?"

Kaka akamwomba radhi na hakuitaja kampuni hata kidogo. Mimi nikashika kamba, yeye akakata mkanda kwa koleo. Ngamia alinguruma kwa hasira, akanitemea majani yaliyotafunwa mpaka ndani ya mtandio. Kaka akaangua kicheko, mara nikaona anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mimi nilikiamini, abaayo. Sikuwa nawadanganya watu."

"Najua."

"Ungelisema na hilo pia, hewani."

Tukaenda kwa ngamia mwingine.

Tukiwa njiani kurudi, mtayarishaji wa kipindi cha redio alinipigia. Kuna programu mpya ya simu, akasema, inawaelekeza wakulima wa Rapsu wakati wa kufungulia maji ya mifereji. Alitaka maoni yangu kabla ya taarifa ya habari.

"Sijaiona," nikamwambia.

"Sema kwa jumla tu."

"Kwa jumla sina la kusema. Nipe muda nifike Rapsu."

"Itakuwa tumechelewa, dada yangu." Alinishukuru kwa heshima, akakata. Yule mwenzangu aliongea badala yangu, na kusema kweli hakuongea vibaya.

Kaka sasa anauza vipuri vya malori mjini, na mchana anakuja kula kwetu. Rapsu nilienda hatimaye, ingawa hakuna aliyekuwa akingojea neno langu. Kaka alifunga duka tukaenda pamoja, kwa sababu barabara ya Kinna, inayokwenda huko, anaijua tangu siku za lori. Tulizunguka mashambani tukiuliza watu kuhusu ile programu mpaka jua likatuchosha, tukaketi kwenye ukingo wa mfereji na kutia miguu majini.