Udongo wa Tuta la Reli

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ni ile niliyokwenda Kilosa kuutazama mto, nikarudi nyumbani na uongo uliofungwa kwenye pindo la khanga. Sikupata kukaa darasani hata asubuhi moja. Haya ninayatamka, na mjukuu wangu anayaandika. Nimemwambia asiyapambe.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Kitongoji chetu, upande wa Masanze, kilikuwa kimeambiwa kihamie kando ya Mto Mkondoa, na wazee wakaachiwa kuamua jambo moja tu: nyumba zijengwe bondeni, penye udongo mweusi, ama juu kwenye mwinuko, penye mawe. Mkutano uliwekwa Jumamosi. Kaya arobaini zilingoja neno hilo, na watoto wao, na vikongwe wao wasioweza kukimbia.

Sisi ni watu wanaofuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Desturi yetu ni kwamba ukoo hauhami kabla mwanamke wake mmoja hajatangulia kuikanyaga ardhi mpya. Huitembea mwanzo hadi mwisho, kisha huleta bonge la udongo wake na kuliweka kiganjani mwa mjomba. Mwaka ule Mjomba Saidi alinichagua mimi. Nilikuwa na mtoto mmoja, na kiburi cha watu wawili. Nikafuatana na wifi yangu Zaina.

Tulilala kwa shangazi mjini. Kilosa ni mji mkongwe, mwanangu, na kwa mtu aliyetoka shamba ulikuwa wa kutosha kumpotezea siku: maduka yenye baraza pana, boma la zamani la Wajerumani, daraja la chuma lililovuma treni ilipopita. Macho hayana pazia, tuliyatazama yote. Asubuhi yake nyapara mmoja wa genge la reli, jirani wa shangazi, akajitolea kutupeleka upande wa juu wa mto kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa njia ya treni. Tulikubaliana kwamba atatushusha penye ardhi yetu mpya, nasi tutarudi kwa miguu tukifuata kingo.

Sitakuficha, safari ile ilikuwa tamu. Reli imeandamana na mto, kona kwa kona, na sisi tulikaa juu ya tuta kama wake wa wakubwa. Chini yetu mchanga uling'aa, wanawake walifua, migomba ilipepea, na milima ya Usagara ikasogea karibu kana kwamba inatulaki. Maji yalikuwa membamba, mtoto angeyavuka bila kukunja nguo. Tulipofika, jua lilikuwa limeanza kuchoma, na nyapara alikuwa anakigeuza kiberenge kurudi.

Zaina hakuinuka. Alisema, "Wifi, mto tumeshauona wote. Ukishuka utaonyeshwa mwingine?"

Nikamuuliza habari ya udongo.

"Udongo ni udongo. Au mjomba wako ataulamba?"

Tulicheka mpaka nyapara naye akacheka. Nikashuka, nikapiga hatua tatu, nikachota bonge pale pale chini ya reli, nikapanda tena.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia uani kwa Mjomba Saidi jioni ya Jumatano. Nilipiga goti, nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha jamvi alilokuwa anasuka. Nikamweleza yeye na wazee wenzake kwamba bonde ni zuri, mto ni mpole, na ardhi yote nimeitembea. Akapokea bonge langu. Akalivunja kwa kidole gumba, akatia punje ulimini, akatema.

"Huu niliubeba kwa karai kabla mama yako hajazaliwa," alisema. "Ni kifusi cha tuta la reli."

Kisha akaniuliza nyasi kavu zimenasa kwenye matawi ya mikuyu kwa kimo gani. Sikuwa hata nimeiona hiyo mikuyu.

"Umeutazama mto kama mtu anayetazama harusi ya wenzake. Watakaolala pale ni watoto wa dada zangu."

Hakunituma tena, mwanangu, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema atatafuta mwingine, akarudia jamvi lake.

Alfajiri ya Alhamisi nilimwachia mama mtoto wangu, nikaondoka bila kumuaga mtu. Ijumaa kulipopambazuka nilikuwa nimeshaupita mji, naukwea mto kwa miguu. Nilivuka makorongo mawili. La pili lilinimeza hadi magotini, likabaki na kandambili yangu moja, nikaitupa na ya pili. Nilipofika bondeni nikainua macho. Kila mkuyu ulikuwa umevaa mkufu wa nyasi kavu, na katika mmoja kibuyu kilichovunjika kilikuwa kimekwama kwenye panda la tawi. Nilinyoosha mkono juu kabisa, sikukifikia. Maji yaliyokiweka pale yangenifunika mimi nikiwa nimesimama. Nikapanda mwinuko, nikaupima kwa nyayo kutoka ncha hadi ncha, nikachota udongo wake mwekundu wenye changarawe.

Jumamosi nilipofika mkutanoni, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba habari za bonde ni njema, na kwamba mleta habari ni mimi. Niliomba ruhusa, nikasimama.

"Nilichosema Jumatano ni uongo. Mto niliutazama nikiwa juu ya kiberenge. Jana nimeutembea, na bonde lile ni kitanda cha maji."

Mtu mmoja akasema kesho nitaleta habari za kwenye ndege, na mkutano mzima ukacheka. Zaina aliinamisha kichwa. Nilingoja kicheko kiishe, nikayarudia maneno yangu neno kwa neno, nikaeleza juu ya nyasi na kibuyu. Nikasema asiyeniamini na ainuke, tuondoke naye sasa hivi, nitamwonyesha.

Hakuinuka mtu. Mjomba Saidi akanyoosha kiganja. Nikaweka bonge jekundu. Akalivunja, akalionja mbele ya watu wote, na safari hii hakutema.

"Nyumba juu," alisema. "Mashamba chini." Kisha akaokota vigingi vya kupimia viwanja, akanipa mimi cha kwanza nikichomeke ardhini.

Masika ya pili maji yalichukua mahindi yetu bondeni. Mtu hayakumchukua.

Basi sikia, mwanangu. Ukitumwa kutazama kwa niaba ya wenzako, usiwaletee ulichokipita. Waletee ulichokikanyaga, maana wao wataweka vichwa vyao juu ya neno lako. Na ukisema uongo, usiusahihishe kwa kunong'ona pembeni. Ufuate hadi mahali uongo huo unapofanya kazi, usimame hapo, uung'oe mbele ya watu, wacheke wasicheke. Aibu ya siku moja haijapata kumuua mtu.

Mwenyezi Mungu akujalie miguu isiyokataa tope, na ulimi usioogopa kujirudi. Popote utakapochomeka vigingi vyako, watoto wako walale pakavu.