Jina la Baba Majaridani

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Jambiani, na nusu ya kijiji ilijifunza alifu na bee mkekani kwake. Kabla ya Mapinduzi alikuja Mzungu mmoja mtafiti, akakaa kwetu mwezi mzima akimwuliza baba majina ya samaki, ya visima na ya miamba. Siku ya kuondoka alimwahidi kwamba jina lake litaandikwa katika jarida la wasomi wa Ulaya. Mgeni akaenda zake, ahadi ikabaki kwetu.

Miaka ikapita. Baba akapofuka, kisha akashikwa na maradhi ya kifua yasiyokuwa na dawa. Mimi nilikuwa nikisomesha skuli mjini, na kila nilipokwenda shamba, kule Jambiani, kumtazama, shikamoo yangu ilijibiwa kwa swali.

"Marahaba. Ushaliona?"

"Bado, baba."

"Tafuta. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Nataka unsomee jina langu kabla sijafa."

Basi nikatafuta. Maktaba moja ya Mji Mkongwe ilikuwa na majarida ya zamani yaliyojalidiwa, na kabati la droo ndogo ndogo zilizojaa kadi, kila mwandishi na kadi yake. Baba alinitajia majina mawili ya yule mtu, nami nikalishika la kwanza. Nilipekua droo ya herufi ile kadi kwa kadi. Hayumo. Nikadhani nimeruka kadi, nikaanza upya. Nilifanya hivyo miezi saba, na kila mara nikitoka nimevunjika moyo zaidi, maana kifua cha baba hakikuwa kikinisubiri. Mwishowe karani wa maktaba akanionea huruma.

"Mwalimu, hilo unalotafuta jina lake au la ukoo wake?"

"Lake mwenyewe. Mtu huitwa kwa jina la nani?"

Akacheka mpaka akavua miwani. "Hawa wenzetu hupangwa kwa jina la ukoo. We unamtafuta kama anavyoitwa barazani!"

Mimi sikucheka. Kwetu jina la kwanza ndilo la mtu, la mwisho ni la babu aliyekwisha kuzikwa zamani. Nani angekwenda kumwuliza mtu kwa jina la babu yake? Kadi tuliipata papo hapo, katika droo niliyokuwa nikiiegemezea kiwiko miezi yote ile.

Samaki wote wa baba walikuwamo jaridani, na visima, na miamba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno haya kwa Kiingereza: nimepewa habari hizi na mzee mmoja wa kijijini, asiyejua kusoma wala kuandika.

Nilisoma mara tatu. Baba, aliyekuwa akiwaandikia watu barua zao kwa herufi za Kiarabu! Mwezi mzima mtu amekula wali wetu, na hata jina la mwenyeji hakulibeba. Nilitamani kuuchana ukurasa ule. Kisha hasira zikaniacha, nikakaa pale nikilia, kwa kuwa sikuwa na la kumpelekea.

Njia nzima ndani ya gari la shamba nilifanya mazoezi ya uongo. Nitasoma kila kitu, na pale chini nitatia jina lake kamili, na la baba yake. Lakini nilipofika, akageuza uso wake upande wangu, akangoja. Na huyu ndiye aliyenifunza kwa fimbo kwamba kilichoandikwa husomwa kilivyo, herufi haiongezwi. Ulimi ukanigomea.

"Ushaliona?"

"Sijaliona, baba."

Baadaye jirani alikuja kumjulia hali, na baba akamwambia, nami nimekaa hapohapo, "Huyu kasoma Kizungu chote, lakini kutafuta hajui."

"Kweli, baba," nikasema.

Alifariki wiki ile ile, akiamini hivyo.